Jiwe jeusi la kioo: kwa nini rangi nyeusi na vanishi peke yake hazitoshi

Kila ikipita picha ya kijisanamu kilichosimama juu ya jiwe jeusi la kung'aa, yaani obsidiani, maneno yanayofuata ni yale yale. Wa kwanza atasema hiyo ni rangi nyeusi tu na vanishi juu yake. Wa pili atasema hayo makaa ya mawe. Wa tatu, na huyu mara nyingi ni kijana anayecheza Minecraft, ule mchezo wa kompyuta, atakwambia obsidiani ya kweli ni ya zambarau na haivunjiki mpaka uwe na sururu ya almasi. Halafu mwenye kazi yake anaulizwa umetumia rangi gani, anaitaja, watu wanaitafuta mpaka wanaipata, wanapaka, na jiwe linatoka jeusi tu, limekufa, na hapo ndo mtu anakata tamaa anasema hii kazi ya wenye vifaa vya Ulaya.

Si kweli. Vifaa vinasaidia lakini tatizo liko kwenye swali lenyewe. Tunauliza rangi gani, wakati jiwe hili kwa sehemu kubwa halionekani kwa rangi yake, linaonekana kwa vitu vilivyolizunguka. Mwenye kulielewa hilo analichora kwa rangi nne za kawaida za dukani, na asiyelielewa hata umpe kabati zima atatoa jiwe lile lile. Kwa hiyo twende taratibu, tuanze na jiwe lenyewe ni kitu gani, tuje kwenye mwanga, ndo tushike brashi.

Kwanza maneno ili tuwe pamoja. Vijisanamu nnavyosema hapa ni zile sanamu ndogo za plastiki, resini au chuma chuma hivi, urefu wake kama sentimita tatu, wako wanaozichezea mezani michezo ya vita na hadithi, mfano Warhammer ya kampuni ya Games Workshop ya Uingereza iliyotoka mwaka 1983, na wako wengine hawachezi kabisa, wanachora tu wakaweka kwenye kabati la vioo. Mandhari ni kila kinachowazunguka hao, vilima, magofu, majabali, kuta. Besi ni kile kitako kijisanamu kinaposimama. Praima ni rangi ya mwanzo ya kushikia, bila ya hiyo rangi ya juu inabanduka. Na vanishi ziko namna tatu: mati haing'ai, satini inang'aa kwa mbali, glosi inang'aa moja kwa moja.

Sasa obsidiani. Ni kioo cha asili kinachotokana na volkano. Lava ikiwa na silika nyingi, kama asilimia 70 na zaidi, inakuwa nzito mno, inatembea kwa shida, na ikipoa kwa haraka chembe zake hazipati nafasi ya kujipanga zikawa fuwele, zinaganda vile vile zilivyo, shaghalabaghala. Kitu kilichoganda namna hiyo bila ya fuwele ndo kioo. Silika ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye mchanga wa kutengenezea kioo cha dirisha (si mchanga wetu mweupe wa Paje, ule ni matumbawe yaliyosagika). Tofauti ni kwamba hichi kioo hakuna mtu aliyekisafisha, ndani yake mmetawanyika chembe ndogo ndogo sana za madini zenye chuma na hizo ndo zinazokitia weusi. Ndo mana kipande chembamba cha obsidiani ukikinyanyua mbele ya jua hakibaki cheusi, kinapitisha mwanga, kinakuwa kijivu cha moshi au kahawia. Hilo lishike, tutalihitaji tukifika kwenye kingo.

Hapa Unguja na Pemba hulikuti jiwe hili ardhini. Visiwa vyetu mawe yake ni ya matumbawe na chokaa, si ya volkano. Linalojulikana sana upande wetu liko Kenya, kwenye Bonde la Ufa, upande wa Naivasha na mlima Eburru, na ndani ya hifadhi ya Hell's Gate lipo hata pango lililopewa jina la obsidiani. Na watu wa kale walilijua jiwe hili kabla yetu sote. Olorgesailie, kusini magharibi mwa Nairobi, wataalamu wamechimbua zana za obsidiani za takriban miaka 300,000 iliyopita, na jiwe lenyewe halikuwa la pale, lilitoka makumi ya kilomita mbali. Walilifuata masafa yote hayo kwa sababu likivunjika linatoa makali ambayo mawe mengi hayatoi, na hayo makali, utaona, ni nusu ya kazi yetu sisi wachoraji.

Basi wale wa makaa: makaa ya mawe ni mimea ya zamani iliyofukiwa ikagandamizwa, hayahusiani na volkano. Yanaweza kung'aa kidogo lakini yana matabaka na yanavunjika vipande vipande vya mkato. Wako pia wanaodhani jiwe lolote jeusi la volkano ni obsidiani, nalo si hivo. Basalti ni jeusi na ni la volkano lakini halina mng'aro, mana lava yake ina silika kidogo, inapata nafasi ya kufanya fuwele, na uso wake unakuwa wa punje punje. Na volkano yetu maarufu ya Tanzania, Ol Doinyo Lengai, hiyo hata usiifikirie, lava yake ya siku hizi ni ya aina ya peke yake duniani, ina silika kidogo mno, inatoka nyeusi halafu ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Huwezi kupata kioo humo.

Na kijana wa Minecraft nisimuache, mana wengi jina la obsidiani wamelijua kwake. Kwenye mchezo ukimwaga maji juu ya lava unapata bonge la zambarau na nyeusi ambalo ukilibomoa kwa kitu dhaifu kuliko sururu ya almasi hupati kitu. Kwenye dunia hii obsidiani ugumu wake ni kama 5 mpaka 5.5 kwenye kipimo cha Mohs ambacho almasi ni 10, yaani jiwe la kwatzi linaikwaruza bila taabu, na ukiipiga nyundo inapasuka. Maji yakiikuta lava kwa ghafla mara nyingi yanaipasua vipande vidogo vidogo kuliko kuifanya jabali zuri la kioo. Zambarau ni ya mchezo, ya kweli nyingi ni nyeusi, nyengine ina madoa ya kahawia nyekundu, nyengine inaegemea kijani, na ziko chache zenye mng'aro wa dhahabu au wa rangi za upinde wa mvua. Ukitaka kuchora ya zambarau kwa sababu dunia ya kijisanamu chako ni ya kubuni, chora, haki yako, ila ujue umechagua.

Haya, mwanga. Chukua simu yako, izime skrini, toka nayo barazani mchana. Skrini iliyozimwa ni kitu cheusi chini ya kioo, na kwa jicho inafanya kazi ile ile inayofanya obsidiani iliyolainika. Iangalie uso kwa uso. Utaiona nyeusi, na ndani yake sura yako kwa mbali. Sasa ilaze pole pole mpaka uwe unaiangalia kwa ubavu, kama unachungulia mezani macho yakiwa sawa na meza. Weusi unaondoka. Mbingu inaingia, nyeupe kabisa au buluu, na simu ile ile uliyoiita nyeusi sasa haina weusi hata kidogo. Rudi tena taratibu, utaona pale ukingo wa paa unapokutana na mbingu panapita mstari kwenye skrini, upande mmoja giza upande mmoja mwanga, na ule mstari ni mkali, haukuyeyuka. Simama hapo uuangalie sana. Huo mstari ndo obsidiani.

Hesabu yake si ngumu. Kioo cha kawaida ukikiangalia wima kinarudisha kama asilimia 4 tu ya mwanga, iliyobaki inaingia ndani, na kwa kuwa ndani kuna weusi haitoki tena. Ukikiinamisha mpaka digrii 60 kinarudisha karibu asilimia 9. Ukifika digrii 80 ni karibu asilimia 39, na ukizidi hapo kinaelekea kuwa kioo cha kujitazamia. Kwa hiyo jiwe moja, lenye nyuso nyingi zilizoelekea huku na kule, litakuwa na uso mweusi ti na uso wa pili yake karibu mweupe, na wote ni jiwe hilo hilo, rangi hiyo hiyo, mchana huo huo.

Linganisha na jiwe la matumbawe la ukuta wa Mji Mkongwe. Lile limejaa vitundu, mwanga ukilifikia unatawanyika kila upande, halionyeshi sura ya kitu chochote, ukilizunguka linabaki na rangi yake. Na mie naamini hapa ndo mzizi wa tatizo letu sisi wa visiwani. Wengi nnaowajua wameanza na modeli za nyumba za mawe, na nyumba za mawe zinachorwa kwa brashi kavu: unachovya brashi, unaifuta kwenye kitambaa mpaka ibaki na vumbi la rangi tu, unapitisha juu ya mikwaruzo na rangi inakamata kwenye vinundu. Kwa matumbawe, kwa chokaa iliyobanduka, kwa ukuta wa mvua miaka mia, hakuna njia nzuri kama hiyo. Halafu mtu huyo huyo anaichukua ile brashi kavu anaipeleka kwenye obsidiani na anashangaa jiwe lake lina vumbi. Brashi kavu inasema kwa jicho: hapa pana punje punje. Kioo hakina punje. Kwa hiyo kwenye jiwe hili brashi kavu iweke chini kabisa.

Kabla ya rangi kuna umbo, na hapa nitakaa kidogo mana rangi nzuri juu ya umbo baya haisaidii. Obsidiani haina matabaka ya kufuata inapovunjika, kwa hiyo haitoi nyuso za bapa zilizonyooka, inatoa nyuso zilizobonyea au kuvimba kwa mpindo, na juu yake mawimbi membamba yanayozunguka kutoka pale ilipopigwa. Kama umewahi kuona kitako kinene cha chupa kilichovunjika umeshaona, ni kitu kile kile mana vyote ni kioo. Kwa hiyo ukichonga jabali lako usikate kwa mistari iliyonyooka, watu wanakata hivo na wanapata kitu cha kama boksi lililokatwa pembe. Kata kwa kuzungusha mkono, kipande kimoja kikubwa kitoke, halafu kidogo ubavuni mwake, halafu kidogo zaidi kwenye ukingo. Nyuso chache kubwa, na nyingi ndogo zimejazana kwenye kingo. Ukizifanya zote saizi moja jicho linachoka na linakataa.

Foma jeupe linalokuja ndani ya boksi la tivii linafaa kwa majabali makubwa lakini lina vidonge vidonge, na vidonge hivo vikitokeza juu ya jiwe la kioo kazi imeharibika. Lipake gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na puti ya ukuta, liache likauke, piga msasa laini, paka tena, piga msasa tena mpaka kidole kiteleze. Inachosha lakini hakuna njia ya mkato, kioo ni laini au si kioo. Na tahadhari: usipulize rangi ya kopo wala usipake kitu chenye tina moja kwa moja kwenye foma, inalila, utaliona linazama mbele ya macho yako. Likishafunikwa vizuri na gundi ndo unaendelea, na hata hapo rangi ya maji ni salama zaidi. Kwa besi ndogo ya kijisanamu achana na foma, chonga plastiki au puti ngumu.

Sasa rangi. Akriliki, yaani rangi za maji, nne zinatosha: nyeusi, nyeupe, buluu ya kiza, na kahawia ya kiza. Praima nyeusi. Juu yake paka mchanganyiko wa nyeusi na buluu kidogo, kidogo kweli, mtu akiliangalia aseme jeusi, asiseme buluu. Nyeusi tupu tunaiweka akiba kwa pale penye giza zaidi kuliko pote, kama hukuiweka akiba hutakuwa na pa kwenda chini.

Hapo usimame usichore kitu. Chagua kwanza dunia ya jiwe lako. Mbingu iko wapi, na inang'aa zaidi upande gani? Chini ya jiwe kuna nini, mchanga mweupe, majani, udongo mwekundu, moto? Hili ndo watu wanaloliruka, na ndilo kazi yenyewe. Nyuso zinazotazama juu zitachukua mbingu, kijivu cha buluu. Nyuso zinazotazama mbele hazichukui mbingu, zitabaki nyeusi. Nyuso zinazotazama chini zitachukua ardhi, kwa hiyo kama ardhi ni ya kahawia basi kahawia ya kiza sana, na kama ni mchanga mweupe wa pwani basi hata chini pawe na mwanga, mana mchanga wetu unarudisha jua juu kwa nguvu, nani asiyejua kuungua kidevu kwa jua la ufukweni.

Nichukue jiwe moja saizi ya kidole gumba, limesimama wima, na uso wake mkubwa umeelekea juu kidogo na kushoto. Uso huu kwenye kona yake ya juu naweka kijivu cha buluu, cha katikati, si cheupe. Nakivuta kushuka chini kwa rangi iliyozimuliwa na maji, pasi baada ya pasi, kila pasi nasubiri ikauke, mpaka nusu ya uso kinapotea ndani ya nyeusi. Sasa uso jirani yake, wa kulia, umegeukia mbali na mbingu. Huo nauanza na nyeusi tupu pale pale unapokutana na ule wa kwanza, kwenye ukingo, ili weupe wa huyu na weusi wa yule vigusane bila ya kitu katikati. Hapo ndo kioo kinapozaliwa. Ukivichanganya vikayeyukiana kwenye ukingo utapata jiwe la sabuni. Ndani ya uso mmoja rangi ipite laini, baina ya uso na uso ikatike ghafla.

Halafu ile mistari ya simu. Kwenye uso mmoja au miwili tu, ile inayotazama mahali mbingu inapokutana na ardhi, chora ukanda mwembamba wa mwanga uliopinda kufuata umbo la uso, juu yake mkato mkali, chini yake ukayeyuka. Si kila uso. Mtu akishaona inapendeza anaweka kila mahali na jiwe linageuka pundamilia. Kwenye zile nyuso zilizobonyea mwanga unakaa upande wa pili, yaani shimo dogo lililochongoka linashika mbingu kwenye ukuta wake wa chini, hilo ukilikosea jicho linaliona shimo kuwa nundu. Na ndani ya shimo hilo ukiwa na mkono mtulivu pitisha mistari miwili mitatu kama uzi, imezunguka nusu duara, kijivu juu ya nyeusi, ndo yale mawimbi ya kuvunjika. Mie binafsi hapa napapenda kuliko pote, jiwe linakuwa na historia, unajua lilipigwa wapi.

Kingo. Chora mstari mwembamba wa kijivu cheupe kwenye kingo za juu zilizo kali, kwa ncha ya brashi au kwa ubavu wake ukiburuza. Zile za chini ziache au zipe kahawia ya kiza. Watu wengi wanachora kingo zote kwa unene mmoja na rangi moja, na jiwe linaonekana limechorwa penseli. Acha mstari ukatike, uwe mzito pale kingo tatu zinapokutana, upotee katikati. Na pale ukingo ni mwembamba sana, kumbuka nilichosema cha kushika, mwanga unapita: paka kahawia iliyozimuliwa sana, karibu maji, milimita moja mbili ndani ya ukingo. Kitu kidogo mno lakini kinalitoa jiwe kwenye plastiki. Mwisho kabisa nyeupe safi, nukta tu, kwenye pembe mbili tatu za juu.

Joto la kaskazi linakausha akriliki kabla hujachanganya. Chukua kifuniko cha boksi la chakula, tia tishu iliyoloa, juu yake karatasi ya kuokea mikate, changanyia rangi hapo, itakaa masaa.

Tuje kwenye ubishi wa vanishi, na hapa wachoraji wenyewe hawakubaliani. Wako wanaosema jiwe la kweli linang'aa basi piga glosi, mwanga wa chumbani utafanya kazi yenyewe. Tatizo lao ni ukubwa. Kijisanamu cha sentimita tatu kinamwakilisha mtu mzima, lakini taa ya chumbani haikupungua, ni taa ile ile kubwa, na doa lake juu ya jiwe dogo linasema wazi hichi kitu kidogo kilichopakwa vanishi. Tena jiwe jeusi tupu chini ya glosi linarudisha chumba chako, ukuta wako na shati lako, halirudishi mbingu ya kijisanamu. Wako wa upande wa pili wanaosema glosi ni haramu, kila kitu kichorwe na juu yake mati. Hao kazi yao inapendeza sana kwenye picha, lakini mati ina tabia ya kuinua weusi, nyeusi inakuwa kijivu, na jiwe la kioo lisilo na weusi wa kweli limepoteza nusu.

Mie nafanya hivi na ndivyo nnavyomshauri kila anayeniuliza. Chora mwanga wote kwanza kama vile vanishi haipo duniani. Jiwe liwe kioo tayari kwa brashi peke yake. Halafu kijisanamu, nguo, udongo, majani, vyote vipige mati. Mwisho chukua satini, au glosi iliyozimuliwa, pitisha kwa brashi kwenye jiwe tu. Weusi unashuka, kingo zinaamka, na kwa sababu kila kitu chengine kimefifia jicho linakwenda kwenye jiwe lenyewe. Wenye kujaribu kinyume, glosi kwanza halafu wachore juu yake, rangi inateleza haishiki.

Kuna wanaouliza rangi ya mafuta ya glosi, ile ya kopo, mana wanaiona kwenye michoro ya Tingatinga madukani Mji Mkongwe jinsi inavyong'aa. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za namna hiyo, zile za baiskeli, juu ya ubao, na kwa ubao ni nzuri mno. Kwa jiwe dogo ni nzito, inajitandaza yenyewe, inajaza yale mawimbi na kuviringisha zile kingo ulizozichonga kwa taabu. Kwa jabali kubwa la mandhari inaweza kupita, kwa besi hapana.

Na hali ya hewa yetu. Vanishi ya kupuliza wakati wa masika, hewa imejaa maji, inaweza kukauka na ukungu mweupe juu yake, na juu ya jiwe jeusi ukungu huo huwezi kuuficha. Subiri siku kavu, mchana, jua limeshapanda, puliza mbali na bahari na vumbi la njia, na kama huna siku hiyo tumia ya brashi. Kifunike kitu chako kwa bakuli mpaka kikauke, mana unywele mmoja tu kwenye glosi unaonekana kuliko kazi yako yote.

Yaliyobaki ni madogo. Bunduki ya kupulizia rangi na kompresa si lazima, inasaidia kwenye majabali makubwa, lakini mikato mikali ya kioo inatoka kwa brashi. Mishipa myeupe ni ya marumaru, usiitie humu. Iko obsidiani yenye maua maua ya kijivu cheupe, hiyo ni kweli ipo, ni kioo kilichoanza kufanya fuwele ndani yake, ukiitaka dondosha madoa madogo yasiyolingana, mengine yawe yamezama chini ya rangi iliyozimuliwa, ndo uchore mwanga juu. Na ukiweka jiwe lako pembeni ya mto wa lava, rangi ya machungwa ipande kwenye nyuso za chini zinazoutazama mto tu, ikolee karibu ife mbali, isitoke ndani ya nyufa za jiwe. Jiwe lililokwisha kuwa kioo limeshapoa, halina moto ndani.

Ukimaliza ukataka kupiga picha zima flashi, mana inaweka doa lake jeupe juu ya mwanga wote ulioukalia kuuchora. Sogea dirishani, geuza jiwe mpaka mwanga wa dirisha utokee upande ule ule uliouchagua kuwa mbingu, na nyuma yake weka karatasi ya kijivu. Nyeupe inaifanya kamera iogope, inalifanya jiwe giza tupu na ile kahawia ya ukingoni haionekani tena.